Chokaa Kwenye Mkono wa Shati

Mama Madoa alikuwa na mtihani wake wa riwaya za mauaji, na vitabu vingi vilianguka hapo hapo. Muuaji akifua damu kwa maji ya moto, kitabu kinafungwa. Damu hufuliwa kwa maji baridi, mapema, kabla haijakauka. Ukiipasha moto umeipika ndani ya uzi, na shati hilo litatembea na ushahidi wake mpaka lichanike. Miaka ishirini na tatu alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya dobi, akipokea nguo za watu, akipekua mifuko, akikagua kola na makwapa. Hakuwa na subira na mwandishi ambaye hajawahi kufua hata soksi zake mwenyewe.

"Huyu ameua watu saba," alikuwa akimwambia mumewe, "na kufua hajui. Wangemkamata kwa shati tu, kurasa mia tatu za nini?"

Jina hilo la Mama Madoa alipewa na wateja. Akishika suruali alijua mwenye nayo alikaa wapi, alikula nini na alimwambia nani uongo. Hakuwa mtu wa kupeleka maneno, hilo apewe haki yake, lakini kumwamini mtu ilikuwa kazi kwake. Ukimwamkia, kwanza alikutazama viatu, ndipo akaitikia.

Mumewe alikuwa fundi saa, mwembamba, mpole, mwenye kibanda mitaa miwili kutoka kwa dobi. Ukitaka ukweli, vitabu ndivyo vilivyowaoza hawa wawili, na vitabu ndivyo vilivyowakalisha pamoja baada ya binti yao kuolewa mji mwingine. Walikuwa na utaratibu ambao sijauona nyumba nyingine. Kila wiki kitabu kimoja, cha kutisha au cha uhalifu, kutoka duka la vitabu vikuukuu la Mama Jalada. Mke anasoma kwanza, mpaka Jumatano. Mume anamalizia wiki. Kila mmoja akifika ukurasa wa mia anaandika kwenye kikaratasi jina la anayemshuku, anakikunja na kukitumbukiza kwenye kopo la zamani la majani ya chai. Jumapili baada ya chakula cha mchana kopo linafunguliwa. Aliyekosea anaosha vyombo. Wakikosea wote au wakipatia wote, wanaosha pamoja. Binti yao alikua akidhani kila nyumba ina kopo la wauaji, na siku alipogundua kwa kina rafiki yake hakuna, alirudi nyumbani akiwahurumia.

Kuhusu vitabu vya siku hizi, Mama Madoa alikuwa na kifua kizima cha malalamiko. Waandishi wapya wa kutisha, alisema, hawajui tofauti ya kumtisha mtu na kumtapisha. Wanamwaga matumbo ukurasa wa kwanza, wa pili wanamwaga tena, ukifika wa thelathini unasoma huku unachagua mchele. Yeye alitaka mlango. Mlango mmoja tu ambao msomaji anakumbuka ulifungwa, na sasa uko wazi. Wapelelezi wao nao ni balaa: wote walevi, wote wameachwa na wake zao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuamka akanywa chai yake akaenda kazini. Na wauaji wamekuwa maprofesa, wanaacha mafumbo ukutani. Katika miaka yote ya kupekua mifuko hakuwahi kukutana na mkosaji mwenye akili kiasi hicho. Watu hukosea kwa woga, kwa tamaa, na mara nyingi zaidi kwa aibu, na hiyo aibu waandishi wapya wameisahau kabisa.

Lakini kilichomchefua kuliko vyote ni riwaya za mke asiyejua. Zilikuwa zimezagaa. Mke anaishi na mume miaka kumi na moja, anampikia, anamfulia, kumbe mume ana watu wamefukiwa bustanini na mke hana habari. Moja ya hizo aliitupa ukurasa wa arubaini. Kabla ya kuirudisha kwa Mama Jalada alichukua penseli akaandika kwenye karatasi ya mwisho: "Ama mke huyu ni mjinga ama mwandishi ni mwongo. Mtu unayemfulia huwezi usimjue." Akaisoma sentensi yake mara mbili, ikamfurahisha.

Sasa, ilikuwa mwezi mmoja baadaye, asubuhi ya Jumatatu, alipokuwa akitenga nguo za nyumbani kwake, ndipo alipoona chokaa.

Ilikuwa kwenye shati la mumewe, mkono wa kulia tu, kuanzia kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko, upande wa nje. Si tone la chokaa, wala si vumbi la kupita. Ilikuwa imesuguliwa ndani ya kitambaa. Akachukua shati la juzi yake. Mkono wa kulia, chokaa. La siku iliyotangulia, vivyo hivyo. Kibanda cha fundi kilikuwa cha mbao, na nyumba yao ilipakwa rangi ya mafuta. Ukuta wa chokaa aliujua mmoja tu karibu na kazi ya mumewe, ule wa kichochoro kinachotoka kibandani na kwenda kutokea duka la Mama Jalada.

Machale yakamcheza. Mtu anayesimama na mtu mwingine kichochoroni, wakizungumza kwa raha zao, huegemea ukuta. Na Mama Jalada alikuwa mjane, mnene wa kupendeza, mwenye sauti nzuri ambayo hata akikutajia bei unataka airudie. Mama Madoa alilitumbukiza shati kwenye beseni, akaamua kunyamaza. Mshukiwa akijua anatazamwa, anasafisha mikono.

Kuanzia siku hiyo alimsoma mumewe. Mambo aliyokuwa akiyapita bila kuyaona yakaanza kujipanga. Kitabu, kwa mfano. Zamani fundi alisoma kitini pake karibu na dirisha, akicheka peke yake. Siku hizi alikipeleka kazini na kukirudisha kimeisha. "Nimekimaliza kibandani, wateja hamna," alikuwa akisema. Wateja hamna, na saa za zamani ambazo ndizo zilimpa sifa alikuwa amezikataa, eti vipuri vimeadimika. Sasa alibadilisha betri na mikanda tu. Mtu asiye na kazi na asiyelalamika, Mama Madoa alijiambia, ana kinachomliwaza.

Kisha maoni. Mumewe miaka yote alikuwa mtu wa maneno matatu: kizuri, kibaya, kirefu. Jumapili moja, huku akivunja mkate, akasema kwa utulivu, "Mwandishi huyu anawapenda wafu wake kuliko watu wake walio hai." Mama Madoa akaweka kijiko chini. Yalikuwa maoni mazuri, ndiyo yaliyomuuma. Hayakuwa maneno ya mumewe. Yalikuwa maneno ya mtu anayeishi katikati ya vitabu, na mtu huyo alikuwa amemwambia mumewe mahali fulani, wakiwa wawili.

Kubwa kuliko yote, alikuwa akishinda. Wiki sita mfululizo kopo lilifunguliwa na kikaratasi cha fundi kilikuwa sahihi. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimepanda na kushuka, kama za mtu aliyeandika akiwa na haraka ya kwenda kwingine. Mama Madoa, ambaye hapo nyuma alishinda mara tatu kwa kila nne, aliosha vyombo wiki sita huku akiisugua sufuria ile ile.

Simu nayo haikumsaidia. Fundi alimpa mwenyewe. "Nisomee ujumbe huo, mikono yangu ina mafuta." Akausoma, ulitoka kwa binti yao. Mtu mwingine angetulia hapo. Mama Madoa alizidi kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu alikuwa amesoma vitabu vinne ambamo mume mwenye siri ndiye anayekukabidhi simu kwa hiari.

Alhamisi akashindwa kuvumilia, akamdokezea wifi yake. Huyu alikuwa dada wa fundi na ndiye mpiga pasi wa pale kwa dobi, mwanamke wa utani mwingi, na wifi kwa wifi hapakuwa na la kufichana.

"Kaka yako ana mtu," Mama Madoa alisema, akimwonyesha shati.

Wifi akaligeuza, akalinusa. "Kaka yangu huyu huyu? Aliyekuchumbia miaka miwili kwa kukutengenezea saa ambayo haikuwa mbovu?"

"Cheka tu."

"Sicheki, wifi. Nashangaa huyo mwanamke anampendea nini. Mchana kutwa ana kibano mkononi." Akaweka pasi wima, na uso wake ukawa wa kazi. "Na kama ni kweli, utafanya nini?"

Swali hilo Mama Madoa alikuwa amelikwepa. Alijua wanachofanya wake wa vitabuni; wanachukua kisu cha jikoni au wanachukua sanduku. Yeye alifikiria kopo la chai kwenye rafu, na Jumapili bila mtu wa kubishana naye. "Nitaondoka," alisema. "Nitakwenda kwa binti yangu. Siwezi kukaa na mtu ninayemkagua."

"Basi kaone kwa macho yako kwanza. Kesho adhuhuri nakushikia kaunta."

Ijumaa, jua likiwa utosini, alivua aproni akaingia kichochoroni. Ukuta wa chokaa ulikuwa upande wa kulia. Alikuja kutafuta mahali palipoegemewa, doa moja la mabega mawili. Alichokiona kilimsimamisha. Kwenye ukuta ule, kimo cha kiuno na kupanda kidogo, kulikuwa na mstari. Chokaa ilikuwa imelika, udongo unaonekana, upana wa mkono wa mtu, na mstari huo haukukatika. Ulianza nyuma ya kibanda cha fundi, ukafuata ukuta mzima, ukazunguka kona pamoja nao, ukaishia kwenye mlango wa nyuma wa Mama Jalada. Mama Madoa aliyajua madoa. Watu wawili wanaoegemea ukuta hawaachi mstari wa hatua arubaini. Hilo lilimtatiza, lakini hasira ilikuwa imeshamtangulia, naye akaifuata mpaka ndani.

Duka lilikuwa na giza la karatasi na harufu ya gundi ya zamani. Nyuma ya rafu ya mwisho ile sauti nzuri ilikuwa ikisema. Mama Madoa akajibanza.

"'Mlango ulikuwa umefungwa alipolala,'" sauti ilisema. "'Alikumbuka funguo zilivyolia. Sasa upepo wa barabarani ulimgusa miguu.'"

"Rudia hapo," sauti ya mumewe ikasema. "Funguo zililia au ziligonga?"

"Zililia."

"Haya. Endelea."

Kilikuwa kitabu cha wiki ile, alichokimaliza Mama Madoa mwenyewe Jumatano. Mama Jalada alisoma aya nyingine, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Utamwambia lini mwenzio?"

"Jumapili."

"Umesema Jumapili tangu mvua zilizopita. Mimi nimechoka kumwangalia usoni anapokuja kuchukua vitabu."

Hapo Mama Madoa akatoka. Alikuwa ameyaandaa maneno yake njia nzima na mkono wake ulikuwa umekwisha kunyanyuka na kidole kimenyooka. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, hana kitabu. Mama Jalada alimwona Mama Madoa na rangi ikamtoka. Fundi naye alisikia hatua akainua uso. Yeye na mkewe walikuwa wametengana hatua mbili, na mwanga wa mlango wa nyuma uliwaangukia wote. Alimtazama mkewe sawasawa, kwenye paji la uso au juu yake kidogo.

"Nani?" akauliza kwa adabu. "Mteja?"

Kidole cha Mama Madoa kilikuwa bado kimenyooka.

"Mteja," Mama Jalada akasema mwishowe.

"Karibu sana," fundi akasema, akasogeza kigoda chake ili mteja apite.

Mama Madoa hakujua alivyorudi kazini. Wifi yake alimwuliza mara tatu, akajibiwa kwamba hakuna mtu, akaongezewa kwamba na yeye anyamaze. Mchana ule alizipokea nguo za watu bila kukagua hata mfuko mmoja. Alikuwa akijihesabia: kidole ambacho mumewe hutia ukingoni mwa kikombe akimimina chai ili ajue kimejaa, jambo alilodhani ni mawazo ya mapenzi. Herufi kubwa zilizopanda na kushuka. Nisomee ujumbe. Mkono wa shati. Ushahidi wote aliuokota yeye mwenyewe, akaufua, akaupiga pasi, akamvalisha mwenyewe tena.

Jioni walikaa mezani. Alikuwa amekata shauri asianze yeye. Fundi alikula kidogo, akafuta vidole.

"Mteja wa leo alinuka wanga wa kupigia pasi," alisema.

Mama Madoa akaanza kulia. Alilia kwa hasira, na alitaka ajue hivyo, kwa hiyo akamwambia. "Nimekasirika. Sijui kama nimewahi kukasirika hivi. Tangu lini?"

"Mwaka jana ilikuwa ukungu. Sasa naona mwanga na vivuli. Daktari anasema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi. Ana dawa ya matone, ya kulinda kilichobaki. Naiweka kibandani."

"Mwaka mzima. Na mimi hapa."

"Ningeanzia wapi? Fundi saa asiyeona saa. Nilishindwa hata kulisema nikiwa peke yangu."

"Kwa Mama Jalada ulilisema."

"Sikulisema. Nilikishika kitabu kichwa chini, akaniona. Wewe ningekuambia, ungenihurumia. Ungeanza kuniachia nishinde."

Mama Madoa alifungua kinywa kukana. Kisha akaliwaza jambo lenyewe, akaona kwamba ndivyo angefanya, tena kuanzia Jumapili ya kwanza, na angejiona mke mwema. Akakifunga kinywa.

"Na hizo wiki sita ulizoshinda?" akauliza baadaye.

Kwa mara ya kwanza jioni ile fundi akatabasamu. "Mama Jalada ameshavisoma vyote. Muuaji akiingia, sauti yake inashuka. Mwenyewe hajijui."

"Kwa hiyo nimeosha vyombo mwezi mzima na nusu kwa hila."

"Kwa usikivu," fundi akasema.

Hasira yake kwa Mama Jalada haikuisha siku ile wala wiki ile, nami sitadanganya kwamba iliisha. Mtu alikuwa amekaa kwenye nafasi yake akimsomea mumewe, na hata kama alikuwa na nia njema, nafasi ilikuwa yake. Hata hivyo Jumamosi alikwenda dukani mwenyewe, akamshukuru shingo upande, akapita kwenye rafu na kurudi na riwaya ile ya mke asiyejua, ile aliyoiandikia penseli. Mama Jalada aliiandika daftarini.

Waliisoma pamoja wiki nzima, saa kumi za jioni, yeye karibu na dirisha na fundi kwenye kiti cha pili. Ilikuwa mara ya kwanza wote wawili kuingia kitabuni kwa wakati mmoja, na fundi aliweka sharti. "Usiniachie. Siku utakayoniachia nitajua, na sitakusamehe." Walipofika ukurasa wa mia Mama Madoa akaandika kikaratasi chake, akachukua kingine.

"Nani?"

"Mke," fundi akasema bila kusita.

Mama Madoa alikawia kidogo, kisha akaandika "mke" kama alivyoambiwa, akakunja.

Jumapili walikula, wakamalizia kurasa za mwisho mezani, kisha akafungua kopo. Muuaji alikuwa shemeji mtu, mwenye duka la mbegu; mume alimsaidia kufukia tu. Mama Madoa alikuwa amemwandika huyo. Na damu, ajabu, alikuwa ameifua kwa maji baridi.

"Umekosea," alimwambia mumewe.

Fundi akakunja uso. "Haiwezekani. Kila alipoingia yule mke sauti yako ilishuka. Nimekusikia wiki nzima. Alikuwa na kosa gani?"

"Hakuna. Hakuua mtu." Mama Madoa alikuwa ameishika ile karatasi ya mwisho yenye maandishi yake ya penseli, na kidole chake kilikuwa kikiyasugua, yakipaka weusi bila kufutika. "Alikuwa hajui tu."

Fundi aliinyoosha mikono mezani, akaupata wa mkewe, akaushika.

"Basi umenishinda vibaya," akasema.

"Nimekushinda kihalali. Vyombo vyako."

Akainuka. Akazikusanya sahani moja moja kwa kuzigusa, akazibeba kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia akauweka ukutani. Kulikuwa na hatua tisa mpaka jikoni. Kila kitu katika mwili wa Mama Madoa kilitaka kuinuka, kumpokea, kumwambia aache. Alibaki kitini, ameshika ukingo wa meza, akasikiliza bomba likifunguliwa, sahani ya kwanza, kisha ya pili. Kesho ilikuwa Jumatatu, siku ya kutenga nguo, na chokaa ya wiki nzima kutoka kichochoroni, ambako fundi bado alipita kila mchana kumsalimu Mama Jalada, ingekuwepo kwenye mikono ya mashati. Hutoka kwa maji ya vuguvugu na siki kidogo, na huwa haiachi alama.